Matembezi ya Mwisho wa Juma na Kitanda cha Paka

Siku mbili za mwisho wa juma ni amana katika mikono ya wazazi. Siku tano baba yuko kazini, mama yuko katika shughuli zisizokwisha, na watoto wako skuli na chuoni. Jumamosi na Jumapili ndizo siku ambazo watu wa nyumba moja waweza kukaa uso kwa uso. Lakini twaona katika nyumba nyingi siku hizo hupita kila mtu amejiinamia na simu yake, na jioni ya Jumapili ikifika hapana awezaye kusema alifanya nini.

Wahenga walituusia tutembee tuone, nasi twaongeza kwamba aliyeona na atende. Kwa sababu hiyo twapenda kuwahadithia wasomaji wetu habari za siku mbili tulizozitumia kusini mwa Unguja, na kazi ndogo ya mikono iliyofuata tuliporudi mjini, nayo ni kumtengenezea paka wa nyumba samani yake mwenyewe. Huenda baadhi ya wasomaji wakacheka. Twawaomba wavumilie mpaka mwisho, maana ndani ya jambo hili dogo mlikuwamo swali lililokuwa limeigawa nyumba yetu.

Paka huyo jina lake Kaniki, kwa weusi wake. Aliingia kwetu angali mdogo, siku moja ya mvua za masika, na binti yetu wa mwisho akampa dagaa wawili. Tangu siku hiyo hakutoka. Panya wakatoweka jikoni, na hilo likampatia heshima hata kwa wale wasiopenda paka. Lakini alipokua, na kucha zake zikakua. Alianza kwa kukwarua mguu wa kiti, kisha akahamia kwenye mkeka wa mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Bibi, na ambaye kwa rehema za Mwenyezi Mungu tunaishi naye. Mkeka huo ni wa ukindu, ulioshonwa Pemba, zawadi ya marehemu dada yake. Asubuhi moja tuliukuta umefumuka mashupatu mawili.

Jirani yetu mmoja, mtu mwema asiyemtakia mtu uovu, alitupa shauri. "Mtieni kikapuni," alisema, "mfunikeni kwa kitambaa asiione njia, kisha mkamwache sokoni penye samaki. Hatakosa riziki." Shauri hilo hufuatwa na wengi, na kila apitaye sokoni alfajiri huwaona paka walioletwa kwa njia hiyo. Mama watoto aliliona ni sawa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kufagia na kushona kila kinachochanwa. Kijana wetu mkubwa alinyamaza. Binti mdogo hakusema neno, lakini tangu usiku ule alianza kumwingiza Kaniki chumbani mwake na kufunga mlango kwa ndani. Tukakata shauri kwamba tungoje mpaka mwisho wa mwezi, kisha neno moja lifuatwe.

Katika siku hizo za kungoja tulilitafakari jambo lenyewe. Paka ni mnyama wa mahali. Nyumba aliyokulia ndiyo nchi yake, na anaijua kwa harufu kuliko kwa macho. Akipelekwa sokoni hukuta paka wengine wamekwisha kugawana kila pembe na kila meza. Riziki ya pale ina wenyewe, na mgeni huila kwa kupigwa, au huikimbia akaingia barabarani penye magari. Kusema hatakosa riziki ni kujifariji sisi. Yeye paka hakuambiwa.

Nao wazee wetu katika dini hawakuliona jambo la paka kuwa dogo. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwachilie ajitafutie mwenyewe. Na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya Abu Qatada, aliyekiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka apate kunywa. Mkwewe, bibi Kabsha, alipomtazama kwa mshangao, yeye alimweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Tukaona kwamba aliyemo nyumbani ana haki juu ya wenye nyumba, na haki hailipwi kwa kikapu kilichofunikwa.

Aliyetufungulia njia ni Bibi mwenyewe, mwenye mkeka. Alisema, "Mwanangu, mnyama huyu hana ugomvi na mkeka wangu. Kucha zamwasha. Mpeni cha kukwarua kilicho kikali kuliko mkeka."

Tukamwuliza, "Kitu gani hicho, mama?"

"Kamba ya makumbi. Zamani nyumba yetu ilikuwa na vitanda vya kamba, na paka wakijinyoshea kwenye matendegu na kwenye kamba za uvunguni. Sikumbuki mkeka uliochanwa."

Tulimwendea daktari wa mifugo, naye akayathibitisha maneno ya Bibi kwa elimu yake. Alitueleza kwamba ukucha wa paka umefanywa kwa tabaka, na tabaka la nje likichakaa sharti alivue kwa kukwarua, ili ukucha mpya uliomo ndani utokee. Tena kukwarua ndiko kujinyosha kwake aamkapo, na ndani ya nyayo zake zimo tezi ndogo zinazoacha harufu, ambayo kwake ni kama kuandika jina mlangoni. Kwa hiyo paka hawezi kukatazwa kukwarua, kama vile ndege hawezi kukatazwa kuruka. Lililo katika uwezo wetu ni kumchagulia mahali.

Basi tulizunguka madukani mjini kutafuta kamba ya makumbi. Tulionyeshwa kamba za plastiki za kila rangi, za kijani, za buluu na za manjano, zinazoteleza mkononi na zisizofaa kwa ukucha. Bibi akasema, "Kamba ya makumbi iko kwa wenyewe, kusini. Nendeni mkatembee, mje nayo." Hivyo ndivyo safari ilivyopata sababu. Kabla ya kuondoka, kijana wetu alikipima kipande cha boriti kuukuu kilichobakia tulipotengeneza paa, akaandika vipimo vyake katika daftari.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, na kituo chetu cha kwanza kilikuwa msitu wa Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Msitu huo pamoja na ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo wanakaa kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizouzunguka uso kama kilemba kilichofungwa kwa haraka. Kima hawa asili yao ni Unguja na visiwa vidogo vya ubavuni mwake, wala hawana nchi nyingine duniani. Mikono yao haina kidole gumba cha kutazamika, na hata hivyo huruka kutoka tawi hadi tawi bila ya kukosea. Hula majani machanga na matunda mabichi, na wameonekana wakiokota makaa na kuyatafuna. Wataalamu wanadhani makaa hayo hupunguza makali ya majani wanayokula.

Kima mmoja alishuka karibu nasi, na binti yetu akanyosha mkono. Mwongozaji akamzuia kwa upole, akatueleza kwamba maradhi ya watu huwapata kima upesi, na kwamba kima aliyezoea kulishwa husahau kujilisha. Mtoto akauliza, "Baba, mbona huyu tusimguse, na Kaniki ataka kuguswa kila siku?" Swali hilo lilitupa somo la siku nzima. Tulimjibu kwamba wanyama ni namna mbili katika uhusiano wao nasi. Wako waliobaki katika milki ya msitu, na hao wema wetu kwao ni kukaa mbali nao na kuwaachia miti yao. Na wako waliokwisha kuingia katika milki ya nyumba, wakaacha mambo yao mengi kwa kututegemea sisi, na hao wema wetu kwao ni kuwakaribia na kuwatimizia. Mtu akimshika wa msituni na kumtupa wa nyumbani, atakuwa amewadhulumu wote wawili. Tukamwonyesha pia matuta ya barabarani penye msitu. Zamani magari yalikuwa yakiwaua kima hao mara kwa mara. Matuta yalipojengwa, vifo vilipungua. Wenye haraka walipunguziwa mwendo kwa ajili ya viumbe wasioweza kusema.

Kutoka hapo tulielekea Kizimkazi, tukawahi sala ya adhuhuri katika msikiti wa kale wa Dimbani. Kwa nje msikiti huo ni jengo la kawaida lililoezekwa mabati, na mgeni asiyeambiwa aweza kupita asijue. Lakini ndani, penye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107 wa Miladi, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa katika pwani yetu. Maandishi mengine yataja mwaka 1184 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 1770, msikiti ulipojengwa tena. Tuliwaeleza watoto kwamba mafundi wa pwani walikuwa wakikata matumbawe ya baharini yangali mabichi, wakati ambapo jiwe ni laini kwa chombo cha fundi, kisha hewa hulikausha na kuligumisha. Kijana wetu alisimama muda mrefu akizitazama herufi zile. Alipotoka alisema, "Kumbe mtu akifanya kazi kwa wakati wake, jiwe nalo humtii." Tuliyaweka maneno hayo moyoni, maana baadaye yalitufaa katika kazi ya kamba.

Usiku tulilala Jambiani, kwa mama mdogo wa mama watoto, ambaye alitukirimu kwa wali na pweza wa nazi. Jumapili baada ya sala ya alfajiri tulishuka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa sana, na bahari ilionekana mbali kama mstari mweupe penye mwamba. Wanawake walikuwa wakiinamia mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza katika fukwe hizo mwaka 1989 na kilichowapa kina mama wengi fedha zao wenyewe. Karibu na pwani tuliona marundo ya mawe yaliyopangwa kwa duara, na tulipouliza tukaambiwa kwamba chini yake yamezikwa makumbi.

Kazi hiyo ni ya subira. Makumbi ya nazi huzikwa katika mchanga ambao maji ya bahari huufikia, yakafunikwa kwa mawe yasichukuliwe na mkondo, nayo huachwa humo miezi kadhaa. Maji ya chumvi huilainisha nyama ya kumbi bila ya kuziozesha nyuzi zake. Yakifukuliwa hunuka, nasi tulishuhudia. Hupigwa kwa gongo juu ya jiwe mpaka unga wote umetoka zikabaki nyuzi tupu, ambazo ndizo usumba. Usumba huoshwa, ukaanikwa, kisha ukasokotwa kwa viganja, uzi juu ya uzi, mpaka ukawa kamba. Kamba hiyo haichukii maji ya bahari, na ndiyo maana tangu zamani iliaminiwa katika vyombo.

Tulimwendea mama mmoja mtu mzima aliyekaa kivulini, miguu ameinyosha, akisokota. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akawaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni." Tukamwuliza kamba, naye akauliza ni ya kazi gani. Binti yetu akajibu kabla yetu, "Ya paka wetu, bibi, apate kukwarua." Yule mama aliacha kusokota, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nimesokota kamba za mashua na kamba za vitanda tangu ujana wangu," alisema, "ya paka ndiyo leo kwanza. Haya, mwataka pima ngapi?"

Hapo kijana wetu alifungua daftari. Boriti lake lilikuwa na upana wa sentimita 10, na kwa hiyo mzingo wake ni sentimita 31 na nusu hivi. Alitaka kuizungushia kamba sehemu yenye urefu wa sentimita 75, na kamba ilikuwa na unene wa sentimita 1, sawa na kidole kidogo cha mtoto. Basi mizunguko ni 75, na 75 mara 31 na nusu ni kama mita 23 na nusu. Pima moja ni dhiraa nne, nazo ni mita 1.8 hivi, hesabu ikamtolea pima 13. Lakini kabla ya safari Bibi alikuwa amekwisha sema, bila ya daftari, "Chukueni 15." Tukanunua 15 kwa bei tuliyokubaliana, pamoja na fungu la kamba nyembamba, na yule mama akaongeza pima moja, akisema, "Hii nimekutilieni ya zawadi kwa huyo paka."

Tuliporudi mjini kazi ilianza. Twaieleza kwa utaratibu ili msomaji atakaye aweze kuifanya nyumbani kwake.

Ya kwanza ni nguzo. Boriti lilikatwa kwa msumeno kwa urefu wa sentimita 80, likasuguliwa kwa msasa. Urefu huo ni kwa sababu paka mzima akisimama na kujinyosha asiipite ncha. Nguzo fupi haimfai naye ataiacha. Chini tuliweka ubao mzito wa mwembe wenye sentimita 50 kila upande na unene wa sentimita 4, tukautoboa kwa keekee, na kuufunga kwa parafujo mbili ndefu zilizopita chini ya ubao na kuingia katikati ya boriti. Uzito wa kitako ni jambo la lazima. Nguzo ikiyumba mara moja tu, paka huihesabu kuwa adui, asirudi tena.

Kisha kamba iliroweshwa kidogo, ikazungushwa kuanzia chini, kila mzunguko ukibanwa juu ya mwenzake kwa kipande cha mti na nyundo. Hapo kijana alikumbuka jiwe la Kizimkazi. Mwanzo na mwisho tuliufungia kwa misumari midogo iliyozamishwa ndani kabisa, isije ikamchoma mnyama. Na ile hesabu? Kamba iliyotumika ilikuwa pima 14 na zaidi kidogo. Kijana alikaa chini na daftari lake akaona sababu. Kamba ina unene wake, na mzunguko wa kweli hupita katikati ya unene huo. Upana wa kuhesabiwa ni sentimita 11 badala ya 10. Bibi hakuijua kanuni hiyo kwa maandishi, lakini mikono yake ilikuwa ikiijua tangu zamani.

Ya pili ni kitanda. Hapa tulimwachia Bibi ukubwa wa kazi, akaketi juu ya mkeka wake na wajukuu wakamzunguka. Aliwafundisha kwanza majina: miguu minne ni matendegu, mbao mbili za ubavuni ni mifumbati, na mbili za kichwani na miguuni ni vitakizo. Watoto walikuwa hawajayasikia maneno hayo, maana vitanda vyao vimenunuliwa dukani na juu yake lina godoro. Kijana alikata mbao za msonobari zilizotoka katika kabati bovu. Mifumbati ilikuwa ya sentimita 60, vitakizo vya sentimita 45, na matendegu ya sentimita 20. Kila ncha ya mfumbati na ya kitakizo ilichongwa ulimi, na katika tendegu likatobolewa kwa patasi tundu la kuupokea ulimi huo, bila ya msumari hata mmoja. Ndimi mbili za kwanza zilipwaya, ikabidi zikatwe upya. Za tatu na za nne ziliingia kwa kugongwa.

Kisha ikaja kazi ya kuwamba. Kamba nyembamba hutandwa kwanza kwa upande mmoja wa fremu, ikivutwa kwa nguvu sawasawa. Halafu hufumwa kwa upande wa pili, juu ya mbili na chini ya mbili, na safu inayofuata huanza nyuma kwa moja, ili mfumo ujitokeze kwa mshazari. Bibi alifuma safu tatu, akamwachia binti mdogo. Mtoto alikosea, akafumua, akakosea tena. Bibi hakumkaripia. Alimwambia, "Kosea, mjukuu wangu. Kitanda hiki cha paka, hapana mtu atakayeanguka."

Maneno hayo twayaona kuwa kiini cha habari hii yote. Mara nyingi twalalamika kwamba vijana wa leo hawajui kazi za wazee wao, hawajui kuwamba, kusuka wala kuchonga. Lakini tumewapa wapi nafasi ya kukosea? Hapana baba atakayempa mtoto mbao ya mvule ajifunzie, wala hapana mama atakayemwachia ukindu wa mkeka mzuri auharibu. Elimu ya mikono yataka kazi ndogo, isiyo na hasara kubwa, lakini yenye mtu anayeingoja kwa haja ya kweli. Kitanda cha paka kilikuwa kazi ya namna hiyo. Kama ingekuwa mchezo mtupu, watoto wangeiacha siku ya pili. Lakini walijua kwamba mwisho wa mwezi unakaribia, na kikapu cha sokoni kimo jikoni.

Samani ilipokwisha, Kaniki hakuitazama. Siku tatu alipita ubavuni mwake kama mtu apitaye dukani bila ya fedha, na mkeka ukapata alama mpya. Mama watoto alitutazama bila ya kusema neno. Tulimrudia daktari wa mifugo, naye akatuambia mambo matatu. Kwanza, nguzo iwekwe palepale anapokwarua, na baadaye isogezwe kidogo kidogo. Pili, ipewe harufu anayoijua. Tatu, asishikwe miguu na kulazimishwa, kwani mnyama aliyelazimishwa huichukia samani pamoja na aliyemlazimisha. Basi tuliukunja mkeka kwa muda, tukaiweka nguzo mahali pake, na Bibi akakifungia juu yake kipande cha ukindu kilichofumuka. Binti naye akaning'iniza unyoya wa kuku kwa uzi kutoka nchani.

Siku ya tano, wakati wa alasiri, Kaniki aliurukia ule unyoya, kucha zake zikashika kamba, akatulia. Kisha akajinyosha mwili mzima, akakwarua kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. Binti alikuja mbio na dagaa mkononi. Kitanda kilimchukua muda zaidi. Usiku mmoja wa baridi ya kipupwe tulimkuta amejikunja humo juu ya kitambaa kikuukuu, na tangu hapo amekuwa mwenyewe. Mkeka ulishonwa, ukatandikwa tena. Mwisho wa mwezi ulipofika, mama watoto alikitia kile kikapu vitunguu, akakitundika. Naye Bibi amekwisha mwagiza kijana akitoe kitanda kikongwe cha kamba kilichomo katika ghala la jamaa yetu, kilicholegea miaka mingi, akiwambe chote. Safari hii atalala mtu.

Ndugu zetu mlioko bara, mbali na minazi, msidhani kamba ya makumbi ni sharti. Kamba ya katani itokanayo na mkonge yafaa sana, ila ichagueni isiyonuka mafuta ya mashine. Mahali pa boriti, kipande cha mti wowote mgumu chatosha. Na mwenye paka nyumbani asisahau kumpeleka kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani paka naye huupata ugonjwa huo.

Kwenu vijana, twasema hivi. Mwendapo kutembea, mwulizeni kila mwenye kazi mkononi jina la kazi yake na jina la chombo chake, na mrudi nyumbani na kitu kimoja cha kufanya. Na kwenu wazazi wenzetu, twasema kwamba kabla ya kumtoa nyumbani kiumbe anayewaudhi, tafuteni kwanza anahitaji nini, na haja hiyo wakabidhini watoto waitengeneze kwa mikono yao. Mtoto aliyezoea kumtafutia paka mahali pake, tunataraji kwa uwezo wa Mola kwamba akiwa mkubwa hatashindwa kumtafutia nafasi mzee, yatima na mgeni.

Wabillahi tawfiq.